Mwaka wa Vibao Mia na Kimoja

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba mtu akiandika majina ya miche mia moja na kuyachomeka ardhini kwa mkono wake mwenyewe, kibao cha mia na kimoja huwa chake. Si chake cha kuandika, chake cha kulalia chini yake. Nilielezwa hivi: ardhi haina macho, ina ngozi tu. Ukiichoma kijiti chenye jina, inahisi msalaba wa kaburi, inakaa tayari kupokea maiti. Maiti haiji. Ukiichoma cha pili inangoja tena, na maiti haiji. Ardhi ni mvumilivu, itakuvumilia mpaka mia. Ukifika mia na moja inachoka kudanganywa, inamchukua aliye karibu, na aliye karibu ni nani kama si wewe uliyeinama na kijiti mkononi? Leo nikimsimulia mke wangu anacheka mpaka anaushika ukuta usianguke. Lakini mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, shingo nene kama gogo, na kila kibao nilichokichomeka katika kitalu cha Mama Sidi pale Kisauni nilikihesabu kimoyomoyo kama mtu anayeshuka ngazi za kuzimu.

Mwezi uliopita Sidi mwenyewe, binti yake, alinipigia simu. Mama yake tulimzika mwaka juzi. Sasa barabara inapanuliwa, alama nyekundu imechorwa mpaka kwenye mlango wa kibanda, na miche yote lazima ihame. “Kaka Kahindi, njoo utushike mkono,” aliniambia. “Fundi Mwero naye amesema atakuja.” Nikaenda. Mgongo wangu wa siku hizi hauwezi kuhamisha hata mto wa kitandani, na Sidi analijua hilo. Nilikwenda kwa ajili ya vibao. Nilijua viko bado, vinaning'inia pale kama hereni, na nilitaka kuviona kabla tingatinga halijavila. Mimi nimemaliza shule ya ngumbaru nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, nina cheti nimekitundika sebuleni juu kuliko picha ya harusi, lakini mtu akiniuliza nimeandika nini maishani, siwezi kumwonyesha cheti. Nitamwonyesha vile vipande vya mikebe ya soda.

Nilikotoka na nani aliyenizaa si habari ya sura hii; walikuwa watu wema, na walikuwa wengi. Habari ni kitalu. Kilikuwa kati ya barabara kuu na ukuta wa ghala la saruji, kwa hiyo miche yetu yote ilikuwa na mvi. Ukipiga chafya, mpapai unabadilika rangi. Mama Sidi alikodi kile kiwanja kipande kwa kipande mpaka akawa na miembe, michungwa, mipera, mikorosho, na maua ya kila namna ambayo watu wa hoteli za Shanzu waliyaita kwa majina marefu na sisi tuliyaita jekundu, jeupe na lile lenye miiba. Mimi nililala mle mle, katika kibanda cha makuti. Upande mmoja kitanda, upande wa pili magunia ya mbolea ya mbuzi, na sikuwahi kujua nani alikuwa mgeni wa mwenzake. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi zilizozama katika tui, mchana sima na mchicha, na samaki hakukosekana hata siku moja: akikosekana mwenyewe, harufu yake ilitoka kwa jirani na tulimegea sima hiyo hiyo harufu. Mama Sidi alikuwa mwanamke mpana, wa sauti ya chini, ambaye hakugomba. Alinyamaza tu, na ukimya wake ulikuwa na uzito wa magunia mawili.

Na palikuwa na Fundi Mwero. Yeye ndiye aliyekuwa akiunga miembe: anakata kikonyo cha mwembe mzuri, anakipachika juu ya mche wa mwembe wa hivi hivi, anafunga kwa ukanda wa nailoni, na baada ya wiki chache mti mmoja una kichwa cha mwingine. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilidhani angeweza kuunga mwembe juu ya mguu wa meza na ukazaa. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa pua. Miembe ikiwa michanga yote ni sawa, boribo haina tofauti na ngowe, ngowe haina tofauti na batawi. Ni mpaka izae, miaka mitatu, minne baadaye. Mwero alichuma jani, akalifikicha, akalinusa, akasema: “Boribo.” Hakukosea. Ukimwambia basi tuandike, alijigonga paji la uso. “Daftari liko hapa,” alisema. “Halilowi, haliibwi.” Macho yake tu ndiyo yaliyokuwa mabovu, maskini; tangu nilipomjua, miwani yake ilikuwa imesahaulika nyumbani.

Basi siku moja, mvua za vuli zimekwisha, akaingia Mzee Mutiso. Alikuwa mstaafu wa bandarini, anakaa Port Reitz, mzee wa kanisa, suruali imepigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Mkononi alikuwa na embe limefungwa kwa gazeti.

“Shikamoo, mzee,” Mama Sidi alisema.

“Marahaba. Onja.”

Mama Sidi akakata kipande, akatafuna, akatafuna tena. Akatia vidole kinywani, akaanza kuvuta nyuzi. Zilitoka nyuzi, wallahi, mtu angeweza kushonea turubai la lori.

“Nilinunua miche kumi hapa,” Mzee Mutiso akasema. “Nikaambiwa boribo, embe lisilo na nyuzi. Nimeimwagilia miaka minne. Kwa ndoo. Mimi mwenyewe, na goti hili. Mwaka huu imezaa, wajukuu wamekuja likizo, nikawaita, nikawakatia embe la kwanza la babu.” Akalitazama lile embe. “Mdogo ameniuliza, Babu, hii ni ya kula au ya kusugulia sufuria?”

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na ukimya wa Mama Sidi ukaniangukia.

“Na kibao ulipewa?” akamuuliza mzee.

Mzee Mutiso akatoa kwenye mfuko wa shati kipande cha plastiki, kile tulichokuwa tukikifunga kwenye kila mche, tukiwa tumemwomba mteja yeyote mwenye hati nzuri atuandikie kwa kalamu nene ya wino. Kilikuwa cheupe kama yai. Jua la Kisauni lilikuwa limelamba kila herufi. Mama Sidi akamgeukia Fundi Mwero.

“Wiki ile mimi sikuwapo,” Mwero akasema upesi. “Nilikuwa na jipu. Muulize mtu yeyote, nililala kifudifudi siku saba. Mliuza kwa kubahatisha.”

“Kwa hiyo daftari lilikuwa na jipu,” Mama Sidi akasema. Kisha kwa mzee: “Baba yangu, nitakupa miche mingine kumi. Ishirini. Chagua.”

“Miche nitaipeleka wapi? Nina miaka sitini na sita. Mimi sitaki miche, Mama. Mimi nataka miaka yangu minne.” Akaikunja ile plastiki tupu, akairudisha mfukoni kana kwamba ni hati ya mahakama. “Nasikia kanisa letu limekuahidi kununua hapa miti ya kiwanja kipya. Tunapanda baada ya Pasaka. Nitapita mwenyewe siku moja kabla. Nikikuta mche hata mmoja hauna jina, au una jina linalofutika kwa kidole changu na mate yangu, tutakwenda kwingine. Na nitaeleza sababu. Kanisani. Kwenye kipaza sauti.”

Jioni ile nilikuwa kitandani kwangu nikisikiliza kupitia makuti. Hayo makuti hayakuwahi kuzuia mvua wala siri. Mama Sidi alikuwa akizungumza na yule bwana aliyekuwa akikitaka kiwanja chetu tangu zamani ili afanye pahala pa kuosha magari. Bwana alisema maji yapo, barabara ipo, miche, mama, inakupa nini ila mvi? Mama Sidi akasema, polepole: “Ningoje mpaka Pasaka. Kanisa likinunua, sitoki. Wasiponunua, kiwanja chukua.” Nikahisi kitanda kinatembea. Kitalu kikienda, kibanda kimekwenda. Kibanda kikienda, narudi nyumbani. Nikirudi nyumbani, shule yangu ya jioni imekwisha nikiwa nimefika herufi ya mwisho na sijafika ukurasa wa kwanza. Asubuhi, kabla mahamri hayajapoa, nikasimama mbele ya Mama Sidi kama mbunge anayeapishwa. “Mama, vibao nitaviandika mimi.”

Fundi Mwero akaangua kicheko, chai ikamtoka puani. “Nani, wewe Profesa? Juzi ulikuwa unaandika A kama ngazi imeanguka!”

“Leo imesimama,” nikamjibu.

Shule yetu ilikuwa Frere Town, saa kumi na moja jioni, katika darasa la watoto wa shule ya msingi. Madawati yalikuwa ya watoto wa miaka saba. Tukiinuka kumwamkia mwalimu, dawati linainuka nasi. Kulikuwa na mpishi wa hoteli, na utingo, na bibi mmoja aliyetaka kusoma Zaburi kabla hajafa na ambaye, nionavyo mimi, alikuwa na nguvu za kuishi miaka mingine mia tatu. Kabla ya shule ile mimi nilikuwa bingwa wa kuficha. Nikipewa barua, jua linanipiga machoni. Nikiulizwa jina la duka, nasema twende tu, napajua. Nilikunja uso mbele ya karatasi kama hakimu, nikatikisa kichwa, nikairudisha. Kwa hiyo nilipopata herufi nilizipata kwa hasira, na nilipoandika nilikandamiza kalamu kana kwamba inataka kutoroka. Mwalimu Tabu, mama mfupi mwenye kicheko cha ghafla, alisimama nyuma yangu akasema: “Kahindi, wewe huandiki, unalima.” Darasa likacheka. Lakini mimi nilikuwa nimegeuza ukurasa, na nilichokiona kilinikata kicheko. Kalamu yangu ilikuwa imekwisha wino katikati ya mstari nisijue, na neno lilikuwa pale pale, limebonyea kurasa tatu chini, unaweza kulisoma kwa kidole. Neno lisilo na wino. Sasa jua litalamba nini?

Nisijisifu kwamba nilifika hapo moja kwa moja. Nilikwisha kujaribu kila kitu alichoumba Mungu. Niliandika kwa rangi juu ya vibao vya mbao, mchwa wakavisoma mpaka mwisho. Niliandika kwa rangi juu ya vipande vya mabati, rangi ikabanduka kama ngozi ya mjusi. Niliandika kwa kalamu ya risasi juu ya plastiki ya mikebe ya siagi, na hiyo, nasema ukweli, ilidumu kuliko wino wowote, mpaka leo namshauri mtu asiye na kitu aanze nayo. Ila kidole chenye mate kiliweza kuichafua, na mimi nilikuwa na kidole kimoja tu akilini. Vyote nilivitundika kwenye seng'enge upande wa jua kali, na wapita njia wakauliza kama tunafanya mnada. Baada ya lile neno la darasani nilipanda baiskeli mpaka Shanzu, kwa mtunza bustani mmoja wa hoteli, nikarudi na magunia mawili ya mikebe mitupu ya soda, ikilia njia nzima kama harusi. Nilikata mfuniko na kitako, nikaipasua, nikainyoosha kwa chupa. Nikakata vipande virefu vyenye upana wa vidole viwili, nikakunja kingo zisikate watu. Nikaweka kipande juu ya daftari langu kuukuu, upande wa fedha juu, nikachukua ile kalamu iliyokauka, nikalima. M-P-E-R-A. Lilikaa. Nikalisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa limau. Nikalichemsha pamoja na mihogo. Mama Sidi alikuta MPERA katika sahani yake, akalitoa, akalifuta tui, akalisoma herufi moja moja. Aliniongezea muhogo.

Hapo ndipo Fundi Mwero aliponiketisha juu ya ndoo na kunipa habari za ardhi na misalaba. Aliisema kwa huruma, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Alinitajia mtu wa huko kwao, aliyefika mia na moja akiandika minazi, wakamkuta amelala katikati ya mistari na udongo kinywani. Alinitajia hata jina la mbwa wa mtu yule. Nani angetunga jina la mbwa? Niliamini hapo hapo, na imani yangu ilikuwa na faida moja: ilinifundisha kazi. Niliona kwamba kibao kisipogusa ardhi, ardhi haijui. Nikaanza kuvitundika. Nilitoboa tundu kwa msumari, nikapitisha waya mwembamba wa simu wenye ngozi ya plastiki, nikazungushia tawi na kuacha nafasi ya kidole kupita ili mti unapokua usinyongwe. Vilikuwa vizuri kuliko vya kuchomeka! Jembe haliving'oi, mmwagiliaji havikanyagi. Watu wakinisifu kwa akili ile nakubali sifa, lakini ukweli ni kwamba ilikuwa woga. Tatizo ni wadogo. Mche wa mpapai wenye majani mawili huwezi kuuvika hereni, na miembe iliyoungwa majuzi bado ina kidonda, huigusi. Hao walitaka cha kuchomeka, nami nikawakunjia vibao juu ya spoku za baiskeli, zisizooza, na kila nilipokisukuma kimoja udongoni nilinong'ona, sitini na mbili, sitini na tatu.

Kulikuwa na la pili. Majina ya mipera na mipapai niliyajua. Ya miembe aliyajua Mwero peke yake, na miembe ndiyo iliyokuwa imetuletea aibu. Nikamfuata na kalamu. Siku moja ananitajia mitano, siku tatu ana kichwa kinauma. Nikimwonyesha kibao nilichokwisha kukiandika anakitazama kwa mbali, anasema “Sawa sawa,” anaendelea kufunga nailoni. Wiki moja kabla ya Pasaka miembe mingi bado ilikuwa haina jina, na hesabu yangu ya vya kuchomeka ilikuwa mia kamili. Nikamwendea.

“Fundi, mistari hii minne. Nitajie.”

“Umefika ngapi?”

“Mia.”

Akaweka kisu chini. “Basi, mdogo wangu. Umefanya kazi ya wanaume kumi. Sitaki damu yako mikononi mwangu.”

“Na kitalu?”

“Kitalu ni miche. Wewe ni mtu.”

“Mama Sidi ameanza kufungasha sufuria za kuhama, Fundi!”

“Nimesikia. Na ni sufuria, si jeneza.”

Nilikwenda nyuma ya kibanda nikakaa juu ya mbolea. Nilifikiri, kwa muda mrefu kwangu, yaani kama dakika tano. Nilifikiri juu ya yule mtu wa minazi na mbwa wake. Nilifikiri juu ya miaka yote niliyosema jua linanipiga machoni. Maisha yangu yote kulikuwa na kitu kinanizuia nisishike jina: kwanza sikuwa na herufi, sasa ninazo, ati ardhi haitaki. Ardhi ni nani? Nikapandwa na kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nanyoosha mgongo, ingawa unauma. Sikuacha kuamini, nataka ieleweke. Niliamini asilimia mia na moja kwamba nitakufa. Nikakata kipande cha mkebe kikubwa kuliko vyote, nikakikandamiza KAHINDI kwa herufi ambazo kipofu angezisoma kutoka ng'ambo ya barabara, nikakipachika kwenye spoku, nikatoka katikati ya kitalu mchana kweupe, wateja wapo, Mama Sidi yupo, Mwero yupo na kisu chake.

“Cha mia na moja hiki!” nikapiga kelele. “Ardhi, usihangaike kutafuta, jina nimekuandikia! Umezoea watu wasiojua kuandika! Njoo!”

Nikakichomeka. Nikasimama juu yake nimefumba macho, mikono kiunoni. Lori likapita. Mteja mmoja akauliza mche wa kahindi unazaa matunda gani. Nikafungua jicho moja. Nilikuwa hai. Nikacheza, siwezi kuficha, nilicheza pale pale kati ya mipapai mpaka nikakanyaga miwili.

Asubuhi niliamka na homa. Sasa mimi nimeugua malaria mara nyingi, lakini ile ilikuwa baba yao: kitanda kilitetemeka, kibanda kikatetemeka, nadhani hata ghala la saruji lilitetemeka. Meno yangu yalipiga ngoma. Mama Sidi alinipeleka zahanati, nikapewa dawa, nikarudishwa nimefunikwa magunia, na nilijua dawa ni bure kwa sababu hii si malaria, ni deni. Nilimwagiza Mama Sidi daftari langu lipewe yule bibi wa Zaburi. Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Fundi Mwero na bakuli la uji wa mchele. Sijapata kuona uso kama ule. Uji ulikuwa unamwagika pembeni mwa bakuli na hakuuona, yeye mwenye mkono mwepesi kuliko yote Kisauni.

“Kunywa,” akasema. “Kunywa, nakuomba.”

“Fundi, ndiyo hiyo mia na moja.”

“Usiseme hivyo! Ni mbu. Ni mbu tu, unanisikia?” Akageuka akautazama mlango, akanigeukia tena. Kisha akaingiza mkono katika mfuko wa koti lake, akatoa majani ya mwembe, konzi nzima, yamefungwa moja moja kwa uzi wa rangi yake. “Mstari wa kwanza, uzi mwekundu,” akasema. Akafikicha, akanusa. “Boribo. Andika.”

Niliandika nimeegemea gunia la mbolea, daftari juu ya magoti, jasho likidondokea bati. Alinusa, nikaandika. Ngowe. Boribo. Batawi. Ngowe. Siku ya kwanza tulifanya mistari miwili, ya pili tukamaliza. Kila nilipoishiwa nguvu alinishikia kipande kisiteleze, na alikuwa akinitazama mkono, si uso. Herufi za siku zile ni mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika. Zimepinda, zimelewa, kuna boribo moja ina O tatu mwishoni. Homa ilipoondoka naye aliondoka, na vibao vyote vya mwisho, nilivyovifungia nyuzi za mistari yake, alivichomeka yeye kwa mkono wake. Niliona huo ni ushujaa. Nilidhani amechukua hesabu yangu na kuianza upya kwa jina lake.

Mzee Mutiso alikuja kama alivyoahidi. Hakusalimu mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye miembe, akalamba kidole gumba, akasugua. Akalamba tena, akasugua. Akatoa leso, akasugua kwa leso. Akavua miwani, akasugua kwa pembe ya miwani. Sisi watatu tulisimama kama washtakiwa. Mwishowe akanyoosha goti lake, akasoma kwa sauti, kidole kikitembea juu ya bati: “Bo-ri-bo-o-o.” Akanitazama. “Aliyeandika hiki alikuwa mlevi?”

“Alikuwa anakufa, mzee,” nikasema.

“Basi afe mara kwa mara,” akasema, na akamwambia Mama Sidi aandae gari la miche ya kanisa. Hakutabasamu. Lakini alipofika langoni alirudi akaomba miche miwili ya boribo kwa ajili yake, pamoja na miaka yake sitini na sita. Yule bwana wa kuosha magari alipata kiwanja huko mbele, Bamburi, na kitalu kikabaki pale kilipokuwa mpaka juzi.

Kwa hiyo nilipofika mwezi uliopita nilimkuta Fundi Mwero ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwembamba, mwenye nywele nyeupe, akiwaelekeza vijana wa kubeba kwa ncha ya fimbo. Sidi alituletea chai na viazi vya karai. Nikaenda kwenye mwembe wa nyuma, ule tuliouacha ukue ili tuukate vikonyo, na kilikuwapo, kimepauka kidogo, kimetolewa kwenye spoku kikatundikwa kwa waya, na waya umebadilishwa mara moja au mbili na mtu mwenye akili: BORIBOOO. Nikakifungua nikampelekea Fundi kama mtoto aliyeokota sarafu. Akakipokea. Akapitisha kidole gumba juu yake, mara moja, kwenda na kurudi.

“Fundi,” nikamwambia, “tangu siku ile nimechomeka vibao elfu kumi. Ishirini! Kila nikichomeka naiambia ardhi, njoo. Haijaja. Umeielewa wewe? Au imenisahau?”

Hakucheka. Alikiweka kile kibao kwenye kiganja changu, akakifunga kwa vidole vyangu mwenyewe.

“Nisomee,” akasema.

Nikamsomea, na O zake zote tatu.

“Kahindi,” akasema, “hakukuwa na mtu wa minazi. Hakukuwa na mbwa. Nilitunga mimi siku ile ile uliyosema utaandika, chai ikiwa mkononi. Sijui kusoma, sikujua siku ile na sijui leo. Niliona ukimaliza kuandika majina yote, hakuna mtu atakayeniuliza tena.”